Kadi ya Kasi na Picha ya Mama

Nyeri mjini,
Jumatatu jioni.

Mpendwa mdogo wangu Maxwel,

Pokea salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi. Natumaini wewe, Emmah na watoto hamjambo huko Timau, na kwamba lile koo lililokusumbua wakati wa mazishi limepona. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Najua utanicheka kwa kukuandikia kwa mkono kama katibu wa kanisa, na simu ninayo. Nimekupigia mara kadhaa, Maxwel, na kila mara nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Kwanza nijibu swali lako. Umeuliza kama shule yenu inunue memori kadi za kasi kwa ile kamera mpya, au za kawaida zitatosha. Jitu, yule wa duka la vifaa vya umeme pale Nanyuki, atakuapia kwamba bila kadi ya kasi huna kamera. Usimsikize, huyo anauza. Kwa picha za darasa, watu wamesimama wametulia, kadi ya kawaida inafanya kazi ileile, na picha haiwi nzuri zaidi hata kidogo. Kasi inafaa ukipiga mfululizo, watu wakicheza au wakikimbia. Hapo kadi ya polepole hulemewa: kamera hupiga picha chache, kisha hugoma, taa nyekundu ikiwaka, nawe unangoja.

Yangu ya zamani ilikuwa hivyo. Ikigoma nilikuwa naishusha kamera, nawatania watu kidogo, natazama kuna nini nyuma yao, halafu naendelea. Niliilaani sana kadi ile. Ndiyo maana uliponitumia hii ya kasi, ukisema ni ya kumpiga Mama picha siku ya itara, nilikushukuru mpaka ukachoka kunisikiliza.

Siku hiyo wewe ulikuwa unasimamia mitihani, kwa hivyo umesimuliwa tu. Unajua desturi za wakwe zetu: akina mama wa upande wa bibi harusi hupeleka kuni na vyakula, waone boma binti yao alikoolewa. Mama alisema hatabebewa na mtu. Wiki nzima alifanya mazoezi hapa kwangu, mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso, Mbukusu mzima, majirani wakipiga makofi. Tulipoingia uani kwa Mzee Wamae, baba yake shemeji yetu Kingori, Mama alikuwa mbele ya wote, akiimba maneno ya Kikuyu asiyoyajua. Sijawahi kumwona na furaha kama ile. Ile picha mliyoiweka juu ya jeneza, iliyowaliza watu wote, niliipiga dakika hiyo.

Sasa nimesikia kwamba umeitisha kikao Jumamosi hii cha kumrudisha dada yetu Sylvia nyumbani. Umesema Mzee Wamae alitukaribisha kwenye mtego, kwamba mtu mwenye heshima angeziwekea uzio zile ngazi za mawe zinazoshuka kwenye shamba la kahawa, tena siku ya mvua. Yeye naye ameshahama kwa Kingori, anaishi kwa rafiki yake, na hapokei simu za mumewe. Mzee Wamae amezing'oa ngazi zote kwa mikono yake, na watu wanasema hali chakula vizuri tangu siku ile. Kingori alikuja kwenye studio yangu ya picha wiki iliyopita. Aliniuliza kama kuna neno lolote ningeweza kumwambia Sylvia ili arudi. Nilimpa chai. Akainywa, akaenda zake.

Maxwel, Mama hakuteleza tu. Mimi ndiye niliyemwambia arudi nyuma.

Nilitaka mzigo wake wa kuni uonekane wote. Nilimwambia arudi kidogo, akarudi akicheza. Nikamwambia kidogo tena. Nyimbo zilikuwa juu, hakuna mwingine aliyenisikia. Kadi ilikuwa inapokea kila kitu, kamera haikugoma, nami sikuishusha. Na ngazi niliziona, ndugu yangu. Niliziona nyuma ya kisigino chake, nikajiambia picha moja tu, halafu nimwambie asimame. Nikapiga, nikapiga tena. Mzigo ukamvuta. Picha zote ninazo, na hata katika ile ya mwisho, mguu mmoja ukiwa hewani, bado anacheka, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi.

Usije ukajibebesha lawama ya kuinunua kadi. Kadi haina mdomo. Mimi ninao, na niliufunga siku ile, nikaufunga hospitalini alipokata roho, nikaufunga mliposimama kaburini mkimlaani mzee wa watu.

Jumamosi nitakuja. Nakuomba uisome barua hii mbele ya Sylvia, Kingori na Mzee Wamae, kabla mtu yeyote hajafungua kinywa. Nitakuwa nimeketi papo hapo. Mkimaliza, nifanyeni mnavyoona ni haki, sitabisha.

Msalimie sana Emmah, na watoto uwaambie baba yao mkubwa anawapenda. Ukizungumza na Sylvia kabla ya siku hiyo, mwambie arudi kwake. Mumewe hana kosa lolote.

Ni mimi kaka yako,
Wasike