Viraka vitano vya Alfonsi

Alhamisi. Hapa Beechmont, mtaa wa Louisville, mvua inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na sauti, na mimi leo siku ya tatu sijanyoa.

Alfonsi amekufa.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikizungukazunguka sitalifikia. Amekufa Jumatatu huko Kenmore, karibu na Buffalo, nyumbani kwa binti yake Tekla. Mapafu yamekataa. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzigua wa Handeni, watani wa kuzaliwa. Tulikuwa jeshini pamoja ujanani, tukapotezana, tukaja kukutana tena uzeeni Marekani, kila mmoja kaletwa na watoto wake kama mzigo wa mwisho wa kuhama.

Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja. Shule yangu iliishia darasa la tatu, lakini nilichokipata nimekishika. Wapo wenye digrii hapa Louisville ukiwaambia waandike tangazo la msiba wanababaika.

Leo asubuhi Tekla kapiga simu.

"Shikamoo, baba mtani."

"Marahaba, mama. Umelala?"

"Kidogo. Jumamosi utakuja?"

"Nisipokuja nani atamtukana? Hao wachungaji wenu? Hawajui hata pa kuanzia."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Nikasubiri. Kwetu mtani ndiye mwenye ruhusa msibani. Watu wanalia, yeye anasimama anasema marehemu alikuwa mlafi, alikuwa mwoga, analala mbele ya jeneza lisipite, mpaka waliolia wacheke. Ni kazi. Si kila mtu anaiweza. Mimi naiweza.

Kisha akasema, "Baba aliniambia ile karatasi yake ya mwisho ya Columbus iko kwako. Ile aliyopiga risasi tano ndani ya duara jeusi. Tunataka kuiweka mezani kando ya picha yake, watu waone."

Nikajibu, "Ninayo."

Mdomo wangu huu.

Lazima nieleze. Kila kiangazi tulikuwa tunakutana Columbus kwa mpwa wangu Shabani. Mimi napanda basi kutoka huku, yeye analetwa na mkwewe kutoka kule. Shabani ana bunduki yake na kadi ya uanachama wa uwanja wa shabaha ulio nje ya mji, anatupeleka wazee wawili tukapige. Shabaha za karatasi nilikuwa natengeneza mimi. Za dukani ni za wajinga. Unanunua karatasi ili uitoboe!

Zangu ni za bure, na ni nzuri kuliko za dukani. Binti yangu anafanya kazi kwenye ghala, ananiletea ile karatasi ya kaki wanayofungia mizigo, na maboksi yaliyovunjwa. Boksi ndilo mgongo, karatasi ndiyo uso. Gundi ni unga wa ngano, maji, chumvi kidogo isiote ukungu, unapika huku unakoroga mpaka iwe kama uji wa mgonjwa. Mviringo mkubwa ni mfuniko wa sufuria, wa kati ni sahani, wa ndani ni kisosi. Jeusi la katikati ni mkaa wa kuchomea nyama, nasaga, nachanganya na gundi ileile. Ukishapiga hutupi. Unakata vipande vidogo vya karatasi, unaziba matundu, unapaka mkaa juu, shabaha inarudi kuwa bikira. Karatasi moja inatupigisha siku nzima. Hata yule mzungu mkuu wa uwanja alikuja kuishika, akaigeuzageuza, akatikisa kichwa.

Sasa niseme na lile lingine.

Watu wa Louisville wanajua mimi nilikuwa mpiga shabaha wa kwanza kikosini. Nimewaambia mwenyewe, harusini, kwenye kipaimara, hata kwenye foleni ya kinyozi. Si kweli. Mimi nilikuwa handakini. Pale uwanja wa jeshi kuna handaki chini ya shabaha, wenzako wanapiga juu ya kichwa chako, wakimaliza unashusha shabaha, unahesabu, unanyanyua fimbo kuwaonyesha walipopiga, halafu unaziba matundu kwa karatasi na gundi ya ngano. Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka mingi. Nilipojaribu kupiga, bega lilinivimba na shabaha ikabaki safi.

Mpigaji alikuwa Alfonsi. Nilimjua kwa matundu yake kabla sijaijua sura yake. Manne yanakaa pamoja kama mayai, na la tano linaanguka kushoto chini, kwa sababu alikuwa anavuta pumzi mapema. Nikaja kuuliza ni nani huyu, nikaonyeshwa kijana mrefu mweusi anakula karanga.

Na huko Columbus, nilipokuwa najisifu mbele ya Shabani na rafiki zake, Alfonsi anakaa palepale, anatazama chini, anasema, "Kweli kabisa, huyu Mzigua alikuwa hatari." Hajawahi kunivua nguo. Mtani! Mtu aliyeruhusiwa kunitukana mbele ya mama yangu, na hilo moja hakuligusa.

Mwaka jana alikuja na mtungi wa hewa. Kiangazi kilikuwa kinaisha. Tukamkalisha kwenye benchi, Shabani akamwekea bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Akapiga tano, anapumzika kati ya moja na nyingine kama anapanda ngazi. Zote ndani ya jeusi. Ya tano imegusa mstari, kushoto chini, Shabani akatusomea kwa darubini.

"Mstari unahesabiwa!" akapiga kelele kutoka kwenye benchi.

"Unahesabiwa kwa watu wazima," nikamwambia, "kwa Mnyamwezi tunapunguza."

Mkuu wa uwanja akapiga filimbi, bunduki zikawekwa chini, nikaenda kwenye shabaha. Nikahesabu. Tano. Nikatia mkono kwenye kopo la gundi nikaziba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na mkaa juu.

Sikufikiri. Mkono ulifanya kama ulivyozoea handakini.

Akaja polepole na mtungi wake, mkwewe kamshika kiwiko. Alitaka kuyaona. Akatazama ile karatasi safi.

"Yako wapi?"

"Nimeziba."

Akaipapasa karatasi, mtungi unapumua. Kisha akasema, "Mzigua, umenizika mapema." Akacheka. Mimi nikacheka. Baadaye Shabani akapiga juu ya ileile, na mimi nikapiga, nikikosa nasingizia macho ya uzee, na nikaziba tena yote.

Nami sasa nimemwambia binti yake, ninayo.

Baada ya simu nimeitoa nyuma ya kabati, nikaiweka mezani, nikachukua kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Nikasema nitalainisha viraka, nivibandue, matundu yatoke. Gundi yangu haikuachia. Kiraka cha kwanza kimetoka na nyama ya karatasi, kikaacha shimo la kidole kizima. Nikaacha.

Nilichofanya baada ya hapo nakiandika bila kukipamba. Nimetengeneza shabaha mpya, nikachukua msumari, nikatoboa matundu matano. Na nilijua pa kutoboa, hakuna binadamu mwingine anayejua kama mimi. Manne kama mayai, moja kushoto chini linagusa mstari. Risasi inaacha pete ya kijivu pembeni ya tundu, nikaipaka kwa jivu na ncha ya kijiti. Nikaisimamisha ukutani nikarudi nyuma hatua nne.

Yalikuwa yeye. Ungemleta mtu yeyote wa kikosi chetu angesema, huyo Alfonsi.

Nikakaa kwenye kiti nikalia kama mtoto, kwa sababu nilikuwa natazama matundu ya Alfonsi na Alfonsi hayupo. Tangu Jumatatu nilikuwa sijalia. Nilikuwa nasema mimi mtani, mtani halii.

Nimeichana hiyo mpya. Vipande vinne, kisha vinane.

Nimempigia Tekla mwenyewe, adhuhuri.

"Mama, ile karatasi ipo, lakini matundu hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Niliyaziba. Siku ileile, kabla baba yako hajayaona. Juu yake wamepiga wengine, nimeziba tena. Imejaa viraka, sijui vyake ni vipi."

Nyuma yake nilisikia watu wanasogeza viti.

"Lakini baba, si uliona hali yake? Hukujua ni ya mwisho?"

"Sikutaka kujua."

"Aliiongelea mpaka wiki iliyopita," akasema. "Kila akija mgeni. Hakusema imezibwa."

"Hawezi kusema. Alikuwa ananisitiri siku zote."

"Kukusitiri kwa lipi?"

Hapo ndipo nilipomwambia na la handakini. Lote, bega na fimbo na gundi. Yeye ni mtu wa kwanza kumwambia katika nchi hii. Sikumwona uso, sijui alilipokeaje. Alisema tu, "Ilete hivyohivyo, na viraka vyake," akaniaga vizuri, lakini lile neno mtani hakuliweka.

Nimelikosa mpaka sasa hivi.

Kesho napanda basi la asubuhi mpaka Columbus, Shabani atanipokea, tutaendesha pamoja mpaka Buffalo. Karatasi nimeifunga ndani ya shuka isilowe. Nimejiapia kwamba Jumamosi nikishamaliza kumtukana marehemu, nikishasema alikuwa mlafi wa karanga, nitasema mbele ya watu wote nani alikuwa mpigaji na nani alikuwa shimoni. Shabani atakuwepo. Watu wa Louisville watasikia kabla sijarudi. Na iwe.

Ila kuna jambo linanikaba tangu mchana. Msibani kila asemacho mtani ni mzaha. Nitasimama niseme mimi jeshini sikuwahi kuipata shabaha, na ukumbi mzima utaangua kicheko, watasema tazama Mzigua anavyojishusha kumpandisha rafiki yake.

Mtani akisema kweli siku hiyo, ataaminiwa na nani?

Itabidi niiseme mara mbili, ya pili utani ukishaisha.