Kaka Yangu Ndiye Mteja Wangu wa Kwanza

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana sijui tena lipi ni jema na lipi ni baya. Mimi napika pombe nyumbani, nilianza vita vilipoisha kwa kuwa mume hakurudi na watoto hawashibi machozi, na wateja wangu ni wanaume waliopigana, wa upande wetu na wa upande ule, ambao barabarani hawasalimiani lakini kwenye benchi langu wanasogezeana nafasi, na anayetangulia kila siku ni kaka yangu, fundi seremala, ambaye asipokunywa anasikia milio ambayo sisi hatuisikii. Wifi anasema namuua mumewe, mama anasema nimpe kidogo alale, nikamsikiliza wifi nikamnyima, akatetemeka hadi akaanguka kama mwenye kifafa, nikaogopa nikamnywesha mwenyewe kwa kijiko, na mpaka leo sijui kama nilimwokoa au nilimmaliza. Juzi mlango aliomtengenezea jirani ulikataa kuingia kwenye fremu, yeye aliyeirudishia milango nusu ya mtaa huu uliochomwa. Basi mwashi mmoja wa upande ule, mlevi mwenzake, akanivuta pembeni.

"Dada, huyu usimuuzie tena," akasema. "Akifa nitakaa na nani?"

Nilicheka, halafu nikalia. Nikifunga, hawa watakutana wapi? Nisipofunga, nitamzika kaka.

Mama Benchi

Mama Benchi, pole sana, na pole hiyo ishike vizuri kwa sababu sasa nakugombeza. Milio ile hukuipika wewe, lakini pombe umeipika, na unaipa sifa ya kazi isiyo yake. Yule mwashi amekaa na kaka yako hadi akamwonea uchungu. Hayo ni matunda ya benchi, chungu chako hakimo.

Usimkatishe ghafla tena nyumbani, kuanguka kule kungemuua. Kesho mpeleke hospitali pamoja na wifi yako, mwambieni daktari anakunywa kiasi gani na nani anamuuzia. Ndiyo, hata hilo. Na milio muitaje, nayo inatibiwa. Mwashi naye mchukueni.

Chungu kiondoke, benchi libaki, uza chai. Watanuna, wengine watahama. Kwamba watasalimiana wakiwa na akili zao, sikuahidi, hata mimi sijui.

Ila mlango wa jirani usipewe fundi mwingine. Mwambie jirani atundike pazia, amsubiri kaka yako.