Aliyepasua Maandazi ya Ngokolo

Ngokolo, Shinyanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani, goti limetulia, na moshi wa jikoni haukusumbui macho kama wakati wa mvua. Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua, na karani mkuu hapa kiwandani hanikaripii sana tangu nilipoacha kumwomba radhi kila anaponiita.

Umeuliza kama mji huu una nafasi ya Zaituni kuja kukaa nami na kuuza mahamri, maana tangu aachike hana pa kushika, na huko kwetu kila nyumba ina mkaangaji wake. Swali hilo liliniogopesha, Mama. Nikisema aje kisha akose wateja, nitakuwa nimemwita dada yangu kuja kuaibika ugenini. Nikaona heri nionje kwanza maandazi ya mji huu, ndipo nijibu.

Nilianzia hoteli ya Bwana Jivan, karibu na stesheni. Huyaweka ndani ya kabati la kioo, na mkewe huyapanga kama vitabu. Ni membamba, yana hiliki ya kutosha, na ukiyauma yanavunjika kwa sauti. Mazuri kweli, ila ifikapo mchana yamekauka. Ya stendi ya mabasi ni mengine kabisa: makubwa, mazito, ya kumshibisha mtu wa kazi ngumu. Wachimbaji wa dhahabu wanaopita kwenda Geita huyanunua kwa mfuko. Nayo niliyapenda.

Sasa, ulivyonilea wewe, hamri haliliwi hivi hivi. Hupasuliwa kwanza, likatazamwa tumboni kama limefura, likanuswa. Nami nilifanya hivyo kila mahali, kimya, nimevaa shati jeupe la ofisini na kalamu mfukoni. Pale stendi mchimbaji mmoja wa Rwamgasa alinitazama, akawaambia wenzake, "Mwacheni karani. Anatafuta dhahabu humo."

"Ukiiona, ndugu yangu, funga mdomo," mwenzake akadakia. "Ukisema tu, kesho stendi nzima ni mashimo!"

Walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Nami nikacheka, ingawa masikio yaliniwaka moto.

Kumbe wengine hawakucheka. Nilipoanza kuzunguka huku Ngokolo, kila mama niliyemkaribia alifunika beseni kwa kanga. "Yamekwisha, baba." Na mafuta bado yanachemka karaini! Niliogopa, nikadhani nina kosa ambalo kila mtu analijua isipokuwa mimi.

Aliyenifumbua macho ni Mama Kulwa, mama wa mapacha anayekaanga kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Yeye hakufunika kitu.

"Mwangaluka," akanisalimu Kisukuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ndiye wewe bwana wa kupasua maandazi? Haya, pasua! Bei yangu ni ile ya serikali, mikono nimenawa, na sukari nimeipata kwa foleni kama wewe. Toa kalamu uandike!"

Hapo nikaelewa. Walidhani mimi ni mtu wa bei, au bwana afya, nimekuja kuwashitaki. Mimi, Mama, ambaye ng'ombe wakipita njiani hujibanza ukutani! Nikamweleza yote kwa kigugumizi: wewe, Zaituni, nazi tunayokandia unga, na desturi yetu ya kupasua. Alinisikiliza huku akigeuza maandazi, kisha akawapigia kelele jirani zake: "Funueni! Huyu si serikali. Ni mtoto wa muuza maandazi!"

Hapo ndipo nilipoonja. Huku nazi hakuna, kwa hiyo yeye hukanda unga kwa maziwa ya mgando na kukaanga kwa mafuta ya pamba. Nilipolipasua andazi lake, mvuke ulinipiga usoni, na tumboni lilikuwa wazi, safi, jinsi unavyopenda. Lina uchachu kwa mbali unaokuja baada ya utamu. Nilikula la pili bila kulipasua.

Nikamuuliza kama dada yangu akija hatamharibia wateja.

"Wateja gani? Asubuhi wengine nawarudisha na njaa, mikono yangu ni hii miwili. Mlete. Atakaa upande ule wa moto. Ila aje na nazi. Nimechoka kuhadithiwa nazi na watu wa pwani."

Basi jibu langu, Mama, ni kwamba Zaituni aje. Chumba nimekwisha kukipiga chokaa.

Nisalimie Bibi mzaa baba, umwambie dua zake nazihitaji hasa Jumatatu mbele ya karani mkuu. Nisalimie Mjomba Hemedi fundi cherehani. Shati lake ndilo lililotisha Ngokolo nzima. Na Mama Asha jirani, asisahau kukuchotea maji Zaituni akiondoka.

Limebaki jambo moja. Jana Mama Kulwa aliniuliza, "Na ya mama yako je, ukiyapima na haya yangu?" Nikatazama chini. Akacheka, akasema, "Nimekuelewa." Sijui alielewa nini, na mimi sithubutu kuliandika. Mpe Zaituni nazi nzuri. Yeye haogopi mtu. Akishaonja ya huku, atakuambia mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Idi