Cheti cha Baba Wanjiru

Jumanne, usiku

Bado sijakitoa ukutani. Bodi ya mawakala wa ardhi walishaniambia kwa simu kwamba usajili ni wa mtu, si wa ofisi, na kwa vile bwanangu, Baba Wanjiru, ameaga dunia, cheti chake hakiwezi kuuza ploti tena. Nikitaka kuendelea, niombe changu, niende nikahojiwe. Mimi ambaye miaka yote nimeonyesha watu bikoni za mipaka ya ploti huku Lanet, yeye akiweka sahihi tu.

Leo ameingia ofisini mwanajeshi mmoja anatafuta ploti. Akasoma cheti mpaka chini, akaridhika.

"Mathe, siku hizi ukinunua kwa mtu hajasajiliwa utalia. Huyu mzee ako?"

Nilitaka kusema. Nikajisikia nikijibu, "Ametoka kidogo."

"Basi wacha nimngoje." Akakaa kwa kile kiti cha Baba Wanjiru.

Sasa ningefanya nini? Nikampikia chai. Kila pikipiki ikipita nje anageuka kuangalia mlango, na mimi najiambia, akimaliza kikombe nitamwambia ukweli.

Halafu kukaja pikipiki moja ikapunguza mwendo hapo kwa geti, na mimi pia nikageuka.