Kitako Alichochonga Torunn

Wewe! Kocha Halvard kampa Ylva ile bunduki ya klabu aliyomwahidi Torunn. Nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi.

Ile ile! Kiangazi kizima Torunn kakichonga kitako chake cha mbao kwa tupa na msasa, mpaka kikamkaa begani kama kiungo cha mwili. Na wiki hii kila jioni anasafisha mtutu, anapaka komeo la kuingizia risasi mafuta mepesi yasiyoganda kwa baridi. Kocha akipita anamwambia, "Endelea, binti. Mbio za ski na shabaha za Jumamosi ni zako."

Leo kampima Ylva mikono mbele yetu sote. "Mmelingana! Torunn, asante kwa kumchongea mwenzio. Mikono ya fundi unayo, miguu ndiyo huna."

Miguu ndiyo huna! Na watu wakacheka.

Nilidhani angalau Ylva ataona haya. Akalaza shavu kwenye kitako, akasema, "Hapa pananikwaruza, dada. Nipigie msasa kidogo."

Torunn akamtazama kocha. Kocha akatazama saa.

Basi akapiga magoti thelujini, akaanza kusugua. Hakulia. Aliuliza tu, "Hapa? Au chini kidogo?"