Supu ya Mwani Asubuhi ya Mtihani

Naju, Jumamosi

Kaka Gyu-ho,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, nawe utakuwa wa kwanza, ila acha kwanza nikusalimu. Hujambo huko kambini jeshini? Miguu imeshazoea buti? Sisi hatujambo, isipokuwa bibi na magoti yake.

Tangu baba amwoe mama mdogo Thoa, kila jioni namfundisha sarufi ya Kikorea. Jumatano, siku moja kabla ya mtihani wangu wa kuingia chuo kikuu, tulifika somo la kusema kwamba jambo fulani ni gumu kulifanya. Nilimwomba atunge mifano. Akasema ni vigumu kuamka alfajiri. Akasema ni vigumu kumpikia bibi. Bibi, aliyekuwa akimenya vitunguu saumu, akamjibu kuwa kukila chakula anachopika ndiyo kazi hasa. Tulicheka sote, hata Thoa.

Kisha akaniomba mfano wangu. Kaka, ulinitoka tu: ni vigumu kumkumbuka mama. Bibi akaacha kumenya. Thoa akaniuliza polepole mama alikuwa akinipikia nini. Nikamwambia supu ya mwani, kila siku yangu ya kuzaliwa.

Asubuhi ya mtihani nikaikuta mezani, bado inafuka mvuke. Kwao Vietnam hakuna aliyemwambia kwamba kwetu siku ya mtihani mwani hauliwi, kwa kuwa unateleza, na mtahiniwa huteleza nao. Bibi akamuuliza kama anataka mtoto afeli, akanyoosha mkono aimwage. Thoa, mwiko mkononi, akasema kwa Kikorea cha kukatikakatika kwamba alitaka tu nimkumbuke mama. Bibi akaurudisha mkono, akatoka nje.

Sasa lile jambo. Nilionja, nikafumba macho, nikaitafuta ladha ya mama. Sikuipata. Sijui kama supu ya Thoa haifanani na yake, au inafanana nami nimeshasahau. Nilikuwa darasa la pili tu alipofariki, kaka. Wewe ulikuwa mkubwa. Ukipata likizo, uionje, uniambie.

Baba anakusalimu, bibi anasema uvae soksi nene, na Thoa anauliza unapenda chakula gani.

Najua utataka kujua niliifanyaje ile supu. Nilimwambia Thoa ni tamu. Nikaila mpaka bakuli likabaki tupu, nikavaa viatu, nikaenda kufanya mtihani.

Mdogo wako,
Yeon-du