Nukta Uliyoisahau

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko? Wifi na watoto hawajambo? Mgongo je, na hivyo viti vya chuoni? Sisi wazima, kama huu nao ni uzima.

Tangu tumzike Baba, mimi na Dada tuligombania nyumba hadi ukatupigia simu na hiyo hesabu yako ya topolojia. Ulisema tusigawane vyumba. Tugawane vilivyomo mafungu mawili, ili kila kona, hata iwe ndogo kiasi gani, iwe na cha huyu na cha yule. Hapo, ulisema, hakuna wa kulalamika. Mtaalamu bwana.

Tukafuata. Sufuria yangu, kifuniko chake. Kitanda changu, godoro lake. Hata kwenye droo ya vijiko huwezi kutia mkono bila kugusa cha mwenzio. Juzi nikiwa na homa alilichukua godoro lake, nikalala juu ya mbao. Kesho yake nikaichukua sufuria yangu jikoni, supu yake nikaimwaga. Nilifurahi, sikufichi.

Sasa nikuulize, mhadhiri. Ulisema kuna sharti: pasiwe na nukta iliyojitenga, isiyo na jirani. Hiyo yenyewe tu ni kona nzima, na haikatiki. Akiichukua mmoja, mwenzake pale hana kitu. Ukacheka, ukasema nyumba yetu haina nukta ya namna hiyo.

Mama je?

Yuko chumba cha nyuma, peke yake, tangu apate kiharusi. Sijui ulimrukaje. Dada hamtaki, mimi simtaki, na kwa hilo tumepatana kwa mara ya kwanza. Ukiitoa nukta, kilichobaki kinagawanyika vizuri. Hesabu ni yako, mimi nimeimalizia tu.

Anafika kwako Alhamisi kwa basi la asubuhi. Barua hii ikiwahi, mpokee kituoni, isipowahi, atasubiri. Mguu wa kushoto hauna nguvu, umshike.

Msalimie wifi, aandae kitanda. Dada anakusalimu, kwa upande wake. Mungu akupanulie chumba, maana ufinyu wa moyo wako tumeshauona.

Mama aliniuliza kama ni wewe uliyemwita. Nikamwambia hapana, ulimsahau. Akaniomba nimpigie pasi gauni la bluu, asije akakutia aibu mbele ya wenzio.

Mimi ninayekupenda hivyo hivyo,
Kitindamimba wenu.